Siku Tuliyorekodi Salamu za Barnaba

Vijana wangu, wengi wenu mnaokuja kunitembelea hapa Kasulu mna gitaa begani na swali moja mdomoni: babu, nifanye nini nisikike? Nawakaribisha, nawapa uji, halafu nawaomba mkae upande wangu wa kulia. Sikio la kushoto nililiacha Dar es Salaam zamani, mbele ya spika zilizokuwa ndefu kuliko mimi. La kulia bado linanisaidia kusikia kengele ya kanisa na mke wangu akinung'unika. Namshukuru Mungu kwa hilo moja.

Kwa hiyo habari ya kusikika sina mengi ya kuwafundisha. Nitawasimulia siku ambayo mimi ndiye niliyetaka kusikia. Ni siku tuliyorekodi filamu kule Busunzu, Kibondo, nyumbani kwa kaka yangu Barnaba. Bendi yetu nzima ilikuwa mbele ya kamera ikipiga mubashara, na mimi nilikuwa nangoja jambo moja tu: kaka anitaje jina katika salamu zake. Alikuwa hajanitaja kwa miaka thelathini.

Lazima niwaeleze kwanza salamu hizo ni kitu gani, maana siku hizi hata watoto wa Kibondo hawazijui. Barnaba anapiga inanga. Inanga ni ubao uliochongwa katikati ukawa kama hori dogo la kulishia ndama. Uzi mmoja mrefu unapitishwa juu yake, unakwenda na kurudi mpaka mistari minane. Mpigaji anaiweka mapajani, au anaisimamisha mbele yake, na anaimba kwa kunong'ona. Haimbi kwa sauti, kwa sababu nyuzi zenyewe zina sauti ya chini, na akiimba kwa nguvu atazifunika. Mnong'ono na uzi vinakwenda pamoja mpaka usijue kipi kimesema neno lipi. Nilipokuwa mdogo nililala mara nyingi nikisikiliza, nikaota kwamba ubao ule ndio unaoongea.

Kabla ya wimbo wowote, mpigaji wa kwetu anasalimia. Anamtaja kila aliyepo, mmoja mmoja, kwa jina lake na la baba yake. Anayetajwa anapiga makofi matatu laini, mikono ikiwa imekunjwa kidogo, kisha nyuzi zinasogea kwa mwingine. Asipoitikia, mpigaji hasogei. Wakiwapo watu arobaini, basi ni watu arobaini. Hakuna anayeulizia muda.

Mimi niliuulizia. Hilo ndilo kosa langu.

*

Lakini nianzie mbali kidogo, mnisamehe. Mzee akianza kukumbuka, kumbukumbu haziji kwa mstari.

Muziki niliujulia seminari ndogo, nikiwa na nia ya kuwa padri. Bruda aliyetufundisha kinanda hakuniruhusu kugusa hata ufunguo mmoja kwa muda mrefu sana. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga pampu ya kinanda wakati yeye anapiga. Nilikanyaga misa hadi misa. Siku moja nikamuuliza, "Bruda, nitapiga lini?" Akasema, "Unapiga sasa. Ukiacha kukanyaga tutasikia nini?" Nilidhani ananidhihaki. Nilipotoka seminari na kwenda Dar, nilimsahau kabisa, na nikajiunga na vijana waliokuwa wanapiga roki. Mngeniona! Suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi lote la Magomeni, viatu vya raizoni vyenye soli nene, nywele kama kichaka cha chai. Nilikuwa mpiga solo. Solo yangu ilikuwa inaanza kabla mwimbaji hajamaliza ubeti, na watu walishangilia, kwa hiyo nikaamini ndivyo muziki unavyopaswa kuwa.

Nawaambia jambo la kazi hapa: makofi ya watu si kipimo cha ulichokifanya. Watu hushangilia hata umeme ukirudi.

Niliporudi Kasulu na amplifaya yangu, nikamkuta Barnaba kule Busunzu analima maharage yake na kupiga inanga jioni, vilevile. Nikapata wazo. Kulikuwa na sherehe ya mavuno uwanjani hapa Kasulu, watu wengi, wazee waliokuja kwa miguu kutoka upande wa Buhigwe. Nikamwambia, "Kaka, njoo tupige pamoja, inanga na gitaa. Utasikika mpaka sokoni." Alisita, lakini alinipenda, akaja. Nikabandika kinasa sauti cha gitaa kwenye ubao wa inanga kwa gundi na utepe. Akaanza kusalimia.

Alisalimia upande wa kulia wote. Nikaona vijana wa nyuma wanapiga miayo. Nikamnong'oneza, "Kaka, ruka hao wengine, watu watachoka." Akaendelea tu. Basi mimi nikakanyaga kile kidude cha mguuni cha kukwaruza sauti, nikaingia na solo. Spika zikalia kama ng'ombe aliyekanyagwa. Vijana wakaruka juu kwa furaha. Mnong'ono wa Barnaba ukapotea chini ya kelele yangu, na wazee wa Buhigwe, waliokuwa upande wa kushoto, hawakusalimiwa. Wakainuka mmoja mmoja, wakachukua fimbo zao, wakaondoka. Kwa mtu wa huku, kuliko kualikwa na kisha kurukwa, heri ufungiwe mlango.

Barnaba aling'oa ule utepe taratibu, akaifunga inanga kwenye kitenge, akatafuta gari la kurudi Kibondo. Hakunitukana. Tangu siku hiyo nikienda kwake ananipa kiti, ananipa chakula, tunasali pamoja, anauliza habari za watoto. Lakini akishika inanga, anasalimia wote waliopo na mimi ananiruka. Nyuzi zinatoka kwa aliye kulia kwangu na kwenda kwa aliye kushoto kwangu, kana kwamba kiti changu ni kitupu. Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini. Akasema kwa upole, "Uliniambia watu wanachoka. Nakupumzisha."

*

Sasa bendi. Nilipozeeka niliiacha roki, au tuseme magoti yangu yaliiacha. Nikaanzisha kikundi cha muziki wa asili. Tulikuwa wachache: Skola, mama wa Kabanga anayepiga ngoma na kuimba, mwenye mikono mizito kuliko ya mwanamume yeyote ninayemjua, na Mwalimu Shabani, mtu wa Tanga aliyeletwa na serikali kufundisha hesabu huku kwetu akaoa na kubaki, anayepiga gitaa la besi. Baada ya kuombwa kwa miaka, Barnaba naye alikubali kujiunga, kwa sharti moja: hakuna waya utakaogusa ubao wake.

Kupiga na inanga kulinifundisha kazi upya. Mnaotaka kujaribu, shikeni haya. Msiiambie inanga ifuate gitaa. Uzi wake ni mmoja, ukivuta mstari huu ule mwingine unalegea, na mwenyewe anautega kwa sauti ya koo lake la siku hiyo. Lilegeze gitaa lako limfuate. Kidude cha kupigia nyuzi, kile cha plastiki, kiwekeni mfukoni, tumieni nyama ya kidole gumba. Amplifaya igeuzeni itazame ukuta. Na maikrofoni ya mtu anayenong'ona haiwekwi mdomoni, mtasikia mate tu. Iwekeni chini ya kidevu, katikati ya pumzi na nyuzi, na mkiwa nje ivisheni soksi nene kuzuia upepo. Soksi iwe safi. Mwalimu Shabani aliwahi kutoa yake mguuni, na Skola alikataa kuimba.

Na kama husikii vizuri, kama mimi, tazama kifua cha mwenzako. Kifua hupanda kabla ya neno. Nimeingia kwenye nyimbo nyingi kwa kutazama mabega ya watu.

Mwaka ule wa filamu Barnaba aliugua kifua. Alilazwa hospitali ya Kabanga, akatoka, lakini pumzi ilikuwa imepungua. Ndipo akaja binti mmoja kutoka Dar, Rehema, mwongozaji wa filamu, aliyesikia kwamba mpiga roki wa zamani ana bendi ya asili milimani. Alitaka kuturekodi tukipiga moja kwa moja, bila kuweka sauti baadaye. Barnaba aliniambia, "Mwambie nina pumzi ya wimbo mmoja. Akitaka, aje kwangu." Nilifurahi, na nikaogopa. Watu wangeitazama filamu ile hata sisi tukiwa tumekwisha kuzikwa. Ama ningesalimiwa ndani yake, ama ningerukwa ndani yake, mara zote itakapochezwa.

*

Tulifika Busunzu ukungu ukiwa bado umeshika migomba. Huku kwetu asubuhi ya baridi ina tabia ya kuyaweka mambo mbali: jogoo anawika uani na unamsikia kama yuko ng'ambo ya bonde. Nilishuka garini nikaenda moja kwa moja kwenye nyaya. Nilipanga, nilifunga, nilijaribu. Mpiga picha akanikalisha mkono wa kulia wa Barnaba, ili nisiizibe inanga mbele ya kamera. Maana yake sikio langu la kushoto, lile lililokufa, ndilo lililokuwa upande wa kaka. Nilijiambia nitatazama kifua.

Majirani walikaa kwenye mikeka. Rehema akainua mkono. Barnaba akaanza.

Alisalimia majirani, wakaitika kwa makofi. Akamsalimia Mwalimu Shabani. Akamsalimia Skola, aliyekuwa jirani yangu. Nyuzi zikaanza kugeuka. Hapo bodaboda ikapita barabarani na muziki wake mkubwa, na Rehema akapiga kelele:

"Kata! Jamani, samahani. Pikipiki imeingia. Tunarudia kutoka mwanzo. Babu, anza tena salamu, vilevile."

Barnaba akalaza kiganja juu ya nyuzi. "Nianze nini?"

"Salamu, babu."

"Nimeshawasalimia."

"Ndiyo, lakini kamera haikupata vizuri."

"Kamera sikuisalimia. Sijui ni ya kwa nani." Majirani wakacheka.

"Babu jamani, mara moja tu."

"Binti yangu, ukija kwangu nikakusalimia ukakaa, halafu nikakusalimia tena, utasema nini? Utasema mzee amechanganyikiwa. Au utasema ananifukuza kwa heshima."

Rehema akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyekata salamu za mtu yule mara ya kwanza. Nikatazama chini.

Mwalimu Shabani ndiye aliyekohoa. "Mimi nimeishi na ninyi Waha muda mrefu. Salamu zenu mtu anabandika maharage na yanaiva."

"Na ninyi wa Tanga," akajibu Barnaba, "mnaulizana mpaka habari za paka."

"Paka naye ana moyo. Sasa nikuulize, Mzee Barnaba. Mtu akitoka kabisa, akafika barabarani, akarudi. Huyo ni nani?"

Barnaba akafikiri. Nikaona tabasamu linakuja, polepole, kama jua la kule. "Huyo ni mgeni."

"Na mgeni?"

"Anasalimiwa."

"Haya, simameni wote!" akasema Shabani. "Tunatoka."

"Hata sisi?" akauliza Rehema.

"Wewe ndiye wa kwanza, mama. Ndiye uliyekata."

Basi tukatoka. Majirani na mikeka yao kwapani, Skola akiwa amebeba ngoma bila sababu yoyote, mpiga picha na waya shingoni. Tukapita migombani, tukapita mihogo iliyoanikwa, tukasimama barabarani kama watu waliokosa basi. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani na jembe akatuuliza kuna nini. "Tumefukuzwa," akasema Skola, "tunakuja kuomba radhi." Mama yule akaweka jembe chini, akajiunga nasi.

Kamera iliachwa uani, inaendelea kurekodi, bila mtu. Baadaye Rehema alinionyesha kipande hicho, na kimo kwenye filamu. Ni ua mtupu, na kaka yangu peke yake na inanga yake. Anakohoa. Anakunywa maji. Anafuta nyuzi kwa pindo la shati. Kuku anapita, kaka anamtazama, anamwacha apite. Kisha anainua macho kuelekea njiani, anakaa hivyo, na ukungu unasogea nyuma yake. Nimeona picha nyingi za wanamuziki maishani mwangu. Sijaona nyingine iliyojaa muziki kama ile.

Kule barabarani watu walianza kurudi mmoja mmoja, kila mmoja akibisha hodi. Mimi nilibaki nyuma. Nilikuwa nimeona jambo lililoniaibisha: asubuhi ile niliingia uani kwa kaka yangu bila hodi. Nilikwenda kwenye nyaya. Hata mkono sikumpa. Na nikafikiri, ni mara ngapi kwa miaka thelathini nimeingia pale hivyo, na gitaa mbele, nikingoja yeye anitaje.

"Mzee Anselmi, ingia basi," Skola akaniita kutoka migombani. "Unangoja kuimbiwa?"

Nikasali kidogo, sala fupi isiyo na maneno mengi. Nikavua kofia. Nikabisha hodi kwenye migomba ile kama mtu asiyeijua nyumba. Nikaingia, nikapiga magoti mbele ya mkubwa wangu kama tulivyolelewa, nikamwamkia kwa Kiha, nikamwomba radhi kwa wazee wa Buhigwe. Nilisema tu hivyo: wazee wa Buhigwe. Alinionyesha kiti changu kwa kidevu. Akasema, "Keti, pumzi inaisha." Sikujua kama ni ndiyo au hapana.

Nikaketi mahali pangu, mkono wake wa kulia.

*

Rehema safari hii alikuwa amekaa mkekani kati ya majirani, ameinua kidole tu.

Barnaba akaanza. Ukungu ulikuwa umepanda hadi kwenye vilele vya mikaratusi, na mwanga chini yake ulikuwa mweupe usio na kivuli. Nilitazama kifua chake. Kilipanda, majirani wakapiga makofi. Kilipanda, yule mama wa jembe akapiga makofi, akicheka kwa kushangaa. Kilipanda, Shabani. Kilipanda, Skola. Mimi nilikuwa nimeshika gitaa, gumba langu likiwa juu ya uzi, kwa sababu baada ya salamu mimi ndiye ningeingia.

Kisha sikuona tena kifua kikipanda kwa namna ninayoijua. Pumzi zilikuwa fupi, za mgonjwa, zote zinafanana. Kwa sikio la kulia nilisikia nyuzi tu, kwa mbali, zikija kwa kuzunguka kuta za nyumba. Zilikuwa zinarudia mahali pamoja. Mistari mitatu ya chini, kisha mmoja wa juu, kisha mitatu ya chini. Nikadhani amechoka. Nikadhani amesahau jina la mtu. Nikaanza kuhesabu nani bado: mpiga picha, Rehema.

Zikazunguka tena. Na tena.

Nikainua macho. Skola alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya ngozi ya ngoma, hapigi, ananitazama. Mwalimu Shabani ananitazama, macho yamemjaa maji. Majirani wote, yule mama wa jembe, Rehema na kidole chake hewani, wote walikuwa wamenigeukia mimi, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Nikageuka kushoto. Kaka yangu alikuwa ameinamia ubao, jasho kwenye paji la uso, midomo imefumbwa. Alikuwa ameshasema. Alikuwa anatumia pumzi yake ya mwisho ya siku ile kuzungusha nyuzi mahali pale pale, ananingoja.

Sijui alinitaja vipi. Sijui kama alisema Anselmi, au jina la utotoni, au alisema mwana wa baba yetu. Jina limo filamuni, na mashine zipo za kuongeza sauti, na Rehema aliwahi kuniwekea vifaa vya masikioni nisikilize. Nilimwomba aviondoe.

Nikaliweka gitaa chini mchangani. Nikakunja mikono kidogo, kama mama alivyotufundisha, nikapiga makofi matatu.

Barnaba akaitikia kwa kichwa, nyuzi zikasogea, akamsalimia mpiga picha.